Mohamed Amin: Macho Hayana Pazia

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtetea mtu aliyeona asichotarajiwa kukiona. Katika makala haya tunaitumia kumwelezea mtu ambaye riziki yake ilitokana na kuona yale ambayo wakubwa wangependa yafunikwe, na kuwaonyesha wasiokuwapo. Mtu huyo ni Mohamed Amin, mpigapicha za habari aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kufariki baharini karibu na visiwa vya Komoro mwaka 1996.

Mwanafunzi anayetoka katika bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi, akafuata Barabara ya Koinange, kisha akakata kuelekea Moi Avenue, atafika penye sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa mwaka 2011. Watu wengi hupita hapo kila siku. Wengi wao wamewahi kuona, katika gazeti au kitabu cha historia, picha za siku Mboya alipouawa hatua chache kutoka hapo. Ni wachache wanaoweza kumtaja aliyezipiga. Hali hii ndiyo iliyotuchochea kuandika. Tunaazimia kusimulia maisha ya Mohamed Amin na, katika kufanya hivyo, kujiuliza swali moja: ni nani hulitunzia taifa kumbukumbu yake, na hulipa nini kwa kazi hiyo?

Mtoto wa mwashi wa reli

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, na babake alikuwa mwashi aliyeajiriwa na shirika la reli. Familia haikuwa na ukwasi. Utawala wa kikoloni ulikuwa umewagawa wakazi wa Nairobi kwa rangi: Wazungu waliishi kwenye vilima vya magharibi, Wahindi katika mitaa kama Eastleigh na Ngara, nao Waafrika upande wa mashariki katika nyumba za chumba kimoja. Mtoto aliyekulia katika mji kama huo alijifunza mapema kwamba mahali anaposimama mtu huamua anachoweza kukiona.

Amin alipokuwa bado mtoto, kazi ya baba iliihamishia familia Dar es Salaam. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ilikuwa kisanduku tu chenye kioo na kitufe. Mvulana huyo akaanza kupiga picha za shughuli za shuleni, kisha za mjini, na punde akatambua kwamba magazeti yalikuwa tayari kuzilipia. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake jijini humo na kuiita Camerapix.

Ulikuwa wakati mwafaka kwa kazi hiyo. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, na Kenya na Zanzibar zilikuwa mbioni kuupata kabla ya mwaka 1963 kwisha. Mashirika ya habari ya Ulaya yalihitaji picha kutoka eneo hili, lakini wapigapicha wao walifika tukio likiwa limepoa. Amin alikuwapo tayari. Tena alijizoeza jambo ambalo wengi hawakuliweza: kubeba kamera ya picha mnato pamoja na ile ya filamu, na kuzitumia zote mbili katika tukio moja. Hivyo aliwauzia wenye magazeti na wenye runinga kwa safari ile ile.

Zanzibar na gereza la Kiinua Miguu

Tarehe 12 Januari 1964 yalizuka Mapinduzi ya Zanzibar. Amin, kijana wa miaka 20, alivuka bahari na kuwa miongoni mwa wachache waliorekodi kisiwa kile katika siku zake za dhoruba. Picha hizo zilimfungulia milango ya mashirika makubwa, hasa Visnews ya London, ambalo alilifanyia kazi kwa miaka mingi.

Hata hivyo, Zanzibar ileile ilimfunza bei ya kuona. Vita Baridi vilikuwa vimefika pwani yetu, na serikali ya mapinduzi ilikuwa ikipokea wakufunzi wa kijeshi kutoka Ujerumani Mashariki na Muungano wa Kisovieti. Amin alipiga picha za mafunzo hayo, nazo zikaonekana ng'ambo. Mwaka 1966 aliporudi kisiwani alikamatwa na kutiwa katika gereza la Kiinua Miguu, akishukiwa kuwa jasusi. Alikaa humo kwa takriban wiki nne, akihojiwa na kuteswa, na alipotolewa alikuwa amekonda mno. Kwa kuwa alikuwa raia wa Kenya, alifukuzwa nchini na kurudishwa Nairobi.

Tutue hapa kidogo. Kijana ambaye kazi yake imemponza kiasi hicho angeweza kufungua duka la kupigia watu picha za pasipoti na za harusi, akaishi kwa amani. Amin aliihamishia Camerapix Nairobi na kuendelea pale alipoachia.

Jumamosi ya Julai 1969

Tarehe 5 Julai 1969 ilikuwa Jumamosi. Mwendo wa saa saba mchana, Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo na Katibu Mkuu wa KANU, alikuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani lililokuwa Government Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alipigwa risasi kifuani. Hakuwa ametimiza miaka 39.

Mohamed Amin alifika muda mfupi baadaye. Aliandamana na majeruhi hadi ndani ya ambulensi, na humo akapiga picha ambazo hadi leo ni vigumu kuzitazama: kiongozi amelala, na daktari anahangaika kuirudisha pumzi inayokwenda. Mboya alikuwa amekwisha kata roho walipofika hospitalini. Picha za Pamela Mboya, mjane aliyelemewa na kilio, nazo ziliingia katika kumbukumbu ya Wakenya. Siku tatu baadaye, wakati wa misa ya wafu katika Kanisa la Familia Takatifu, waombolezaji na polisi walikabiliana na gesi ya kutoa machozi ikafuka katikati ya jiji. Kwa kazi ya siku hizo, Amin alituzwa nchini Uingereza kama mpigapicha bora wa runinga wa mwaka 1969.

Msomaji anaweza kuuliza, na ni haki yake kuuliza: je, ni utu kumwelekezea kamera mtu anayekata roho? Je, chozi la mjane ni mali ya umma? Hatuna jibu jepesi. Tunaweza tu kulitazama jambo hili katika muktadha wa historia yetu. Pio Gama Pinto aliuawa mbele ya nyumba yake huko Westlands tarehe 24 Februari 1965. J.M. Kariuki aliuawa mwaka 1975, na mwili wake ukapatikana katika vilima vya Ngong. Katika vifo hivyo hapakuwa na kamera dakika zile za mwisho, na wananchi wakabaki wakipima tetesi dhidi ya taarifa rasmi. Kuhusu Mboya, mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo, na maswali kuhusu waliomtuma hayajakoma. Hata hivyo, hakuna awezaye kusema kwamba barabara ile haikumwaga damu, wala kwamba jiji halikulia. Picha haikutaja muuaji, lakini iliwanyima watu nafasi ya kusahau.

Uganda na suala la uenyeji

Idi Amin alipotwaa mamlaka mjini Kampala tarehe 25 Januari 1971, Mohamed Amin alikuwa miongoni mwa wanahabari wa kwanza kumfikia. Wawili hao walifanana jina tu, lakini mpigapicha alitambua kwamba mtawala huyo aliipenda kamera, na udhaifu huo ukamfungulia njia ambazo wengine hawakuzipata. Ndivyo alivyoweza kurekodi vituko vya utawala ule na hatimaye maafa yake. Mwaka 1979 utawala huo ulianguka. Mwaka uliofuata, yeye na Brian Barron wa BBC walimpata Idi Amin uhamishoni mjini Jeddah, Saudi Arabia, na kumhoji wakati dunia ikijiuliza alikokuwa.

Katika visa vyote vya Uganda, kuna kimoja kinachotupa sababu ya kutafakari zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu walifunga virago. Mohamed Amin alizipiga picha nyuso hizo, na zilikuwa nyuso zilizofanana na yake. Nchini Kenya kwenyewe, sheria za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara zilikuwa zimewafanya Wahindi wengi wahame, hasa kuelekea Uingereza. Mtoto wa Eastleigh angeweza kuondoka pia. Picha zake zilikuwa zikitafutwa London, na jina lake lilijulikana huko kuliko lilivyojulikana River Road.

Hakuhama. Alibaki Nairobi, akaoa, akapata mwana, Salim, na akaijenga Camerapix kuwa ghala la picha za nchi hii: Kenyatta jukwaani na katika hafla za Ikulu, mazishi ya Mzee mwaka 1978, na kuapishwa kwa mrithi wake. Tunapata hapa kinaya kisichohitaji kutiwa chumvi. Katika miaka ambayo baadhi ya watu walimwona Mhindi kuwa mgeni aliye njiani kuondoka, Mhindi mmoja alikuwa akilihifadhia taifa sura yake. Hakuwa peke yake. Priya Ramrakha, Mkenya mwingine wa asili ya Kihindi, aliuawa kwa risasi mwaka 1968 akiwa anapiga picha za vita vya Biafra nchini Nigeria. Ilichukua hadi Julai 2017 kwa serikali ya Kenya kuwatambua rasmi Wakenya wa asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Amin alikuwa amekufa zaidi ya miaka 20 iliyotangulia.

Korem, 1984

Oktoba 1984 Amin alisafiri hadi kaskazini mwa Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC. Ukame ulikuwa umeendelea kwa muda mrefu, lakini si ukame pekee uliowaangamiza watu. Kulikuwa na vita Eritrea na Tigray, na utawala wa Mengistu Haile Mariam ulikuwa umetumia mali nyingi mwezi Septemba kusherehekea miaka kumi ya mapinduzi yake huku habari za njaa zikifichwa. Wanahabari walizuiwa kwenda kaskazini, na kupata kibali kulihitaji subira pamoja na ujuzi wa kuwashawishi maafisa. Katika hili Amin alikuwa amebobea.

Walifika Korem alfajiri. Nyanda zile za juu zina baridi kali, na ukungu ulikuwa haujapanda. Katika uwanda walilala maelfu kwa maelfu ya watu waliotembea kutoka vijijini kutafuta chakula, wakijifunika mablanketi na magunia. Kadiri mwanga ulivyoongezeka ndivyo ilivyobainika ni nani aliyeamka na ni nani ambaye hangeamka tena. Amin alipiga filamu polepole. Hakuirusha kamera huku na huko, bali aliiachia ikae juu ya uso mmoja, kisha mwingine, hadi mtazamaji akose pa kukimbilia.

Taarifa hiyo ilitangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Ilikuwa ya dakika chache tu. Inakadiriwa kwamba vituo 425 vya utangazaji duniani viliionyesha na kwamba watu milioni 470 waliiona. Kabla ya mwaka kwisha wanamuziki wa Uingereza, wakiongozwa na Bob Geldof, walitoa wimbo wa kuchanga fedha. Wenzao wa Marekani wakafuata mwanzoni mwa 1985, na tarehe 13 Julai mwaka huo tamasha la Live Aid likafanyika London na Philadelphia kwa pamoja. Ndege zilizobeba nafaka zilianza kutua. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba waliokufa katika baa hilo ni laki kadhaa za watu.

Wapo wahakiki walioilaumu athari ya picha zile, na hoja yao si ya kupuuzwa. Walisema kwamba kuanzia hapo Mwafrika katika runinga za Magharibi akawa mtu asiye na jina, asiye na sauti, anayengoja mkono wa mgeni. Njaa ikaonekana kama kudra, ilhali ilikuwa na mizizi katika siasa na vita. Mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yalipitisha kanuni za maadili kuhusu picha za nchi maskini, na mjadala uliozalisha kanuni hizo ulichochewa kwa kiasi kikubwa na matukio ya Ethiopia.

Sisi tunaona kwamba lawama hiyo inawastahili zaidi waliozitumia picha kuliko aliyezipiga. Aliyesimama Korem na kamera begani alikuwa mwana wa Afrika Mashariki, na kazi yake haikuwa njaa tupu. Alikuwa ametoa kitabu cha picha za Hija mwaka 1978, na kingine kuhusu Ziwa Turkana na watu wake mwaka 1981. Pamoja na mpigapicha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley alitoa vitabu vya safari katika Kenya na nchi nyingine. Mwaka 1986 kilitoka kitabu cha picha kuhusu reli ya Afrika Mashariki, na mwana wa mwashi wa reli akawa ameirudishia reli ile heshima yake. Anayetaka kumhukumu kwa Korem hana budi kuviweka vitabu hivi mezani pia.

Mkono mmoja

Mei 1991 utawala wa Mengistu ulianguka na wapiganaji wa EPRDF wakaingia Addis Ababa. Amin alikuwa huko. Alfajiri ya tarehe 4 Juni ghala la silaha lililipuka jijini, naye akakimbilia moto ambao wengine walikuwa wakiukimbia. Mlipuko wa pili ulimuua John Mathai, Mkenya aliyekuwa mrekodi sauti wake, na kuuvunjavunja mkono wa kushoto wa Amin. Alisafirishwa hadi Nairobi, ambako mkono huo ulikatwa.

Si muhali kukisia alichopoteza. Kamera ya runinga ya siku zile ilikuwa nzito, na ilihitaji mkono mmoja uibebe na mwingine uongoze lenzi. Amin alienda Marekani, akatengenezewa mkono wa bandia unaoendeshwa na umeme wa betri, akatafuta namna ya kuushikanisha na kamera, na baada ya miezi michache akarudi kazini. Lakini kuna kisichorudishwa kwa mitambo. Mathai hakurudi. Tunapoutaja ujasiri wa Amin, ni haki tukumbuke kwamba hatari aliyoifuata haikuwa yake peke yake, na kwamba wabeba vyombo vya sauti, madereva na wakalimani hufa pia, ilhali majina yao hayaandikwi kwenye tuzo.

Nyumbani nako kulikuwa na deni. Filamu iliyotolewa mwaka 2006, ambayo mwanawe Salim aliishiriki kama msimulizi, inamwonyesha baba aliyeonekana zaidi katika viwanja vya ndege kuliko mezani pa chakula. Kazi iliyoyafanya macho yake kuwa ya dunia nzima iliwanyima wa nyumbani sehemu yao.

Safari ya mwisho

Tarehe 23 Novemba 1996, Jumamosi tena, Amin na Brian Tetley walipanda ndege ya shirika la Ethiopia, safari nambari 961, kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Camerapix ndiyo iliyokuwa ikichapisha jarida la abiria wa shirika hilo. Muda mfupi baada ya kuruka, wanaume watatu waliiteka na kumwamuru rubani Leul Abate aielekeze Australia. Rubani alijaribu kuwaeleza kwamba mafuta hayangetosha, nao wakakataa kusadiki. Mafuta yalikwisha karibu na Komoro, na ndege ikaanguka baharini mita chache mia kutoka ufuo wa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba walimwona Amin akiwa amesimama, akijadiliana na watekaji hadi dakika za mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mtalii mmoja aliyekuwa ufuoni alikuwa na kamera ya video. Aliinua mkono akairekodi ndege hiyo ikigusa maji kwa bawa na kupasuka, na filamu yake ikaonyeshwa kote duniani. Kifo cha mpigapicha kikawa na shahidi.

Hitimisho

Wahenga husema mcheza kwao hutuzwa. Kwa Mohamed Amin methali hii haikutimia kikamilifu. Tuzo zake nyingi zilitoka ng'ambo, na hata nishani aliyopewa mwaka 1992 ilikuwa ya Malkia wa Uingereza. Nyumbani alichokiacha ni mamilioni ya picha na maelfu ya saa za filamu, ambazo kwa miaka mingi zilihifadhiwa katika ofisi za Camerapix huko ABC Place, kando ya barabara ya Waiyaki, Westlands. Mwaka 1998 wakfu wenye jina lake ulianzishwa kuwafunza vijana uanahabari wa runinga. Sehemu ya picha zake sasa inapatikana kwa njia ya intaneti.

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna wajibu katika jambo hili. Maelezo mengi yanayoandamana na picha hizo yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali waliopigwa, iwe Government Road au Zanzibar, walilia na kushangilia kwa Kiswahili. Kuyaandika maelezo hayo kwa lugha yao ni kazi ya kitaaluma inayongoja wenyewe. Tulianza kwa kuuliza ni nani hulitunzia taifa kumbukumbu yake. Maisha haya yanatuonyesha kwamba si lazima awe yule ambaye taifa lilimdhania. Mwana wa mwashi wa Eastleigh alilipa kwa wiki nne za gereza, mkono mmoja, rafiki mmoja, na siku nyingi za mwanawe. Picha tumeachiwa sisi. Mwenye macho na azitazame, kisha asimulie.